Maneno ya Twaiba Kinywani mwa Luqman

Siku ya pili ya mafunzo ya uongozi, saa nne ya asubuhi ikikaribia, watumishi wa chuo walikuwa wameketi katika Ukumbi wa Kasa wa hoteli moja ya Diani, kila mmoja na chupa yake ya maji na beji ya jina shingoni, na bakuli la peremende katikati ya kila meza. Kiyoyozi kilikuwa kikali mno. Wenye mabuibui ndio waliokuwa na afadhali. Nje ya dirisha askari wa hoteli alikuwa akiwatishia tumbili kwa manati wasije wakanyakua sukari ya chai. Mwezeshaji, Bi Eunice, aliyeletwa na ndege kutoka Nairobi, alikuwa ameandika kwenye karatasi kubwa ukutani, kwa wino wa kijani: KIONGOZI HUANZA KWA KUSIKILIZA. Kisha akauliza kama kuna mwenye jambo la kazini linalomkera, ambalo angependa wenzake walisikie.

Twaiba Mbarak aliinua mkono. Alikuwa kaimu mwenyekiti wa Idara ya Elimu, na ukaimu wake ulikuwa umekaa muda mrefu hata wanafunzi wapya walidhani Kaimu ni jina lake la kwanza. Jambo lake lilikuwa moja. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho walikuwa wamepelekwa mazoezi ya kufundisha katika shule za Kinango na Lunga Lunga, na kanuni ya chuo ilitaka kila mmoja akaguliwe na mhadhiri akiwa darasani ndipo ahitimu. Hakuna mhadhiri aliyekwenda. Basi la chuo ndilo lililowaleta watu hapa Diani, na mafuta yaliyowaleta ndiyo yaliyokuwa yametengwa kwa ukaguzi.

Alifungua kinywa akayasema hayo, na maneno yakatokea kinywani mwa Dakta Luqman Boga.

Hayakutokea kwa sauti ya Twaiba. Yalitokea kwa sauti ya Luqman mwenyewe, ile nzito iliyomfanya aombwe kuwa mshereheshaji kila mahafali, lakini yalikuwa maneno ya Twaiba kwa mpangilio wake, hata na pale alipositasita kutafuta jina la shule. Twaiba alihisi pumzi ikimtoka na ulimi ukigusa meno. Masikioni mwake hapakufika kitu cha kwake. Luqman, aliyekuwa meza ya pili akimenya karatasi ya peremende, aliendelea kuimenya huku akisema, na maneno yalipokwisha akaitia peremende kinywani.

Bi Eunice alimshukuru. Alisema kwamba kuona wasichokiona wengine ndiko kuongoza, akaandika jina la Luqman karibu na neno KUSIKILIZA. Watu walipiga makofi. Twaiba, ambaye mikono yake ilikuwa tayari imekaribiana mezani, naye alipiga kidogo.

Luqman aligeuka akamtazama. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mhadhiri katika idara ya Twaiba, alikaa Ukunda, si mbali na Kona ya Musa, alivaa mashati yaliyopigwa pasi vizuri, na hakuwahi kumvunjia mtu heshima.

"Niwie radhi, Bi Twaiba," alisema kwa sauti ya chini. "Yamenipitia tu."

Wakati wa chai, chini ya banda la makuti, Twaiba aliagiza chai ya tangawizi na sauti yake ikatoka vizuri kabisa. Aliwasabahi wapishi, akauliza hali ya mama wa mmoja wao aliyekuwa amelazwa, akajibiwa. Ikawa wazi kwamba koo halina kasoro. Alimweleza Kahaso, mkutubi wa chuo, aliyekuwa akichagua sambusa zisizokuwa na pilipili.

Kahaso hakuacha kuchagua. Alisema yeye yake hutokea kwa Samuel wa ofisi ya mitihani, tangu kikao kile cha kujadili paa la maktaba, na kwamba mwanzoni alikunywa asali na ndimu, baadaye akaona asali inaisha bure.

"Lakini wewe una bahati," alisema. "Luqman ana sauti nzuri. Samuel wangu ana kigugumizi."

Mchana Twaiba alihamia kiti cha nyuma, karibu na mlango, aone kama umbali unasaidia. Haukusaidia. Kikundi chake kilipotakiwa kutoa pendekezo, alisimama akaeleza alilokuwa amelifikiria kwa muda mrefu, kwamba basi halihitajiki. Wahadhiri hawakai pamoja. Mmoja anakaa Kombani, mwingine Lunga Lunga, mwingine amejenga kwao Kinango na kila Ijumaa huenda huko. Kila mtu akague shule iliyo karibu na kwake, na wanafunzi wote watakuwa wamekaguliwa kabla muhula haujafungwa. Ni jambo la kukubaliana asubuhi na kuanza jioni.

Luqman alikuwa akinywa maji. Maneno yalipita katikati ya maji bila kumwaga hata tone, na ukumbi ukaelewa kila neno. Profesa Sanga, mkuu wa chuo, ambaye tangu asubuhi alikuwa ameinamia simu yake, aliinuka, akatembea baina ya meza hadi kwa Luqman akampa mkono. Bi Eunice alisema kwamba fikra kubwa kama hiyo lazima iwe na jina, maana fikra isiyo na jina haifiki mbali. Akageuza karatasi mpya akaandika: MKABALA WA LUQMAN.

Hapo Luqman alifanya la haki. Kikao kilipovunjika alimfuata Profesa Sanga penye ngazi akamwambia kwamba maneno yale si yake, ni ya Bi Twaiba, na yeye huyatoa tu kwa kuwa hayana pengine pa kutokea. Profesa alimsikiliza mpaka mwisho huku amemshika bega. Kisha akamwambia kwamba unyenyekevu wa namna ile ni nadra, na kwamba kwa bahati nzuri ndiyo mada ya kesho.

Twaiba alirudi kwake Msambweni magharibi ikiingia. Mumewe, Swabir, fundi wa mafriji ya mahoteli, alikuwa amekwisha kuswali na alikuwa sebuleni akisafisha bisibisi zake kwa kitambaa. Alimhadithia yote. Swabir alifikiri kama anavyofikiri mbele ya friji lililogoma.

"Hizo ni waya zimegusana, Mama Nasra," alisema. "Ukiwasha huku, taa inawaka kwa jirani."

"Na dawa yake?"

"Dawa ni kufungua ukuta. Lakini ukuta si wako."

Akaendelea kusafisha. Baada ya kitambo akasema kwamba, hata hivyo, kama taa ya jirani ndiyo inayowaka, basi jirani ndiye atakayeulizwa habari ya umeme, na kwa hiyo mke wake angeweza kusema yale ambayo kwa kinywa chake mwenyewe asingethubutu. Alilisema bila ubaya wowote, kama mtu anayeeleza jinsi kifaa kinavyofanya kazi. Twaiba alilichukua neno hilo akalala nalo.

Asubuhi, kabla hajatoka, alipigiwa simu na Kanze. Kanze alikuwa mmoja wa wale wanafunzi wa mazoezi, binti wa wafugaji huko Kinango, wa kwanza kwao kuvuka kidato cha nne. Shule aliyokuwa akifundishia ilikuwa imempenda. Mwalimu mkuu alikuwa amemwambia kwamba nafasi ya kuajiriwa ipo, na ataishikilia mpaka shule zitakapofunguliwa. Kilichobaki ni yeye kuhitimu, na kilichobaki ili ahitimu ni mtu kuja kumtazama akifundisha.

"Shikamoo, mwalimu," alisema. "Samahani kwa kukusumbua asubuhi. Nilitaka kujua kama watu wa ukaguzi wameshapanga siku."

Twaiba aliitikia marahaba, akamwambia jambo hilo linazungumzwa. Ilikuwa kweli. Lilikuwa likizungumzwa sana.

Siku hiyo ya mwisho, baada ya mada ya unyenyekevu, Profesa Sanga aliketi mbele na kuwataka watu waseme yaliyo moyoni bila woga. Twaiba hakuinua mkono. Aliegemea kiti, akatazama bakuli la peremende, akaanza kusema polepole. Kule mezani kwake Luqman alisimama, kwa kuwa maneno yaliyokuwa yanakuja yalikuwa ya kusimamia.

Alisema kwamba mkuu wa chuo amehudhuria mafunzo ya uongozi katika kila hoteli ya ufuo huu lakini bweni la wasichana hajapata kulifikia. Alisema kwamba watu walioketi hapa wamefundishwa kusikiliza na mtu ambaye hajauliza jina la mwanafunzi hata mmoja. Alisema mafuta ya ukaguzi yamechomwa katika barabara ya Diani, na kwamba kuna binti Kinango anayefundisha vizuri na hakuna anayekwenda kumtazama. Mwisho alisema kwamba Idara ya Elimu ina kiongozi, naye ni Twaiba Mbarak, na aibu ya kumwita kaimu miaka yote hii ni ya waliomwita, si yake. Luqman aliyasema haya yote kwa sauti yake ya mahafali, jasho likimtoka ndani ya baridi ya kiyoyozi, na kidole chake, ambacho Twaiba hakukiamuru, kikamwelekea Twaiba pale nyuma.

Twaiba alidhani, kwa muda mfupi, kwamba ukuta umefunguka.

Profesa Sanga alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa. Macho yalikuwa yamemlowa. Alisema kwamba katika miaka yake yote ya utumishi hajapata kuona mtu anayemwambia mkubwa wake ukweli mchungu, na papo hapo akamtaja kwa wema mtu wa chini yake. Alisema anayeweza kufanya mawili hayo kwa pumzi moja amekwisha kuwa kiongozi, na karatasi ya cheo ni kuthibitisha tu. Kwa hiyo alikuwa na furaha kutangaza kwamba Idara ya Elimu imepata mwenyekiti kamili, Dakta Luqman Boga. Bi Twaiba, aliyetajwa vizuri hivyo, atakuwa msaidizi wake wa karibu.

Makofi yalikuwa marefu. Bi Eunice alisema asimame pia msaidizi, watu wamwone. Twaiba alisimama, watu wakamwona.

Luqman alimtafuta pale nje ya hoteli, basi likiwa linapakia. Alikuwa na huzuni ya kweli. Alisema alijaribu kukataa, lakini kila alipotaka kusema hapana, kinywa hakikuwa na kitu, kwa kuwa yeye Twaiba wakati huo alikuwa amenyamaza.

"Ningelijua, ningekusemea," Twaiba alimwambia.

"Sasa tufanye nini?"

"Tufanye kazi, Dakta. Watoto wako shule."

Ukaguzi haukuanza jioni ile wala wiki ile. Mkabala wa Luqman ulipofika kwenye kamati ya kitivo ulionekana kuwa mzuri mno kuachiwa watu wasioandaliwa. Kamati iliona kwamba mhadhiri aliyezoea kwenda kukagua kwa basi la chuo hawezi tu kuamka siku moja akakague shule iliyo nyuma ya nyumba yake, kwa kuwa hilo linahitaji mtazamo mpya. Ikaamuliwa kwamba wote wapewe mafunzo ya mkabala huo, na Bi Eunice akaombwa ayaendeshe. Hoteli ya Diani ilikuwa na nafasi baada ya watalii wa sikukuu kuondoka.

Twaiba hakungoja. Aliomba ruhusa ya kwenda kumwangalia mgonjwa, akapanda gari mpaka Kwale na kutoka hapo pikipiki hadi Kinango, kanga kichwani kwa sababu ya vumbi. Kanze alikuwa akifundisha darasa la nne hesabu za sehemu. Alikuwa amechora ukutani ng'ombe mmoja mkubwa kwa chaki, na watoto walikuwa wakimgawanya: paja kwa wajomba, ubavu kwa wazee, kichwa kwa mchinjaji, na kila kipande kina sehemu yake ya kuandikwa. Mtoto mmoja alibisha kwamba kwao wajomba hawapewi paja. Kanze alimwambia aje mbele agawe kama wanavyogawa kwao, na darasa zima likapiga hesabu upya. Twaiba alikaa kwenye dawati la nyuma, magoti yakigusa ubao wake, akasahau kidogo kwamba alikuja kukagua.

Kengele ilipolia alimwita Kanze kando akamwambia kwa sauti yake mwenyewe kwamba amefaulu, na kwamba amefaulu vizuri. Kanze aliinamisha kichwa, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akauliza kama mwalimu amekunywa chai.

Matokeo hayo yalihitaji kupitishwa kikaoni. Kikaoni Twaiba alifungua kinywa na Luqman akaeleza yote, ng'ombe na mjomba na paja, kwa ufasaha uliowafanya wajumbe watikise vichwa kwa raha. Profesa Sanga alisema mfano huo wa ng'ombe lazima uingizwe kwenye mafunzo. Kisha mjumbe mmoja akauliza mkaguzi alikuwa nani, na alipoambiwa, akauliza kama alikuwa amepata mafunzo ya Mkabala wa Luqman. Hakuwa amepata. Hakuna aliyekuwa amepata. Kikao kilisikitika. Kilikubaliana kwamba ukaguzi uliofanywa kwa mkabala huo kabla ya mafunzo ya mkabala huo hauwezi kuhesabiwa, lakini kikampongeza mwenyekiti wa idara kwa moyo wake wa kujituma.

Luqman alitaka kupinga. Alimtazama Twaiba kumwomba maneno. Twaiba alimpa yote aliyokuwa nayo, na Luqman akayatoa yote, na mjumbe yule akajibu kwamba hamasa ya mwenyekiti ndiyo hasa sababu ya kutoharakisha.

Shule zilifunguliwa. Nafasi ya Kinango ilichukuliwa na mtu mwingine, aliyehitimu chuo kingine. Mwalimu mkuu alimwambia Kanze kwamba anaweza kuendelea kufundisha kwa kujitolea akipenda, kwa kuwa watoto wamemzoea. Aliendelea.

Mafunzo ya Mkabala wa Luqman yalifunguliwa siku ya Jumatatu. Walikuja watumishi wote na wageni kutoka vyuo vingine, hata viti vikaongezwa kutoka Ukumbi wa Pweza. Luqman alikuwa atoe hotuba ya ufunguzi. Alivaa koti, na kabla ya kupanda jukwaani alipita pale alipoketi Twaiba na Kahaso akamsabahi Twaiba, akamuuliza kwa adabu kama yuko tayari.

Twaiba alimjibu sabalkheri yake tu. Jina lake lilipotajwa jukwaani, Luqman alipanda, akasimama nyuma ya maikrofoni, akafungua kinywa. Twaiba alikuwa amekifunga chake. Hakukifunga kwa hasira. Alifikiri juu ya yote aliyokuwa amekwisha kuyasema mle ndani, akaona hakuna neno lililosalia, akakunja mikono juu ya mkoba wake akatulia.

Luqman alisimama kinywa wazi. Kiyoyozi kiliunguruma. Mtu alikohoa, akajizuia asikohoe tena. Luqman alifunga kinywa, akakifungua, akatazama nyuma ya ukumbi. Kahaso alimtazama Twaiba, kisha akachukua peremende. Ukimya ulikaa mpaka tumbili aliyekuwa dirishani akachoka akashuka.

Wa kwanza kusimama alikuwa Profesa Sanga. Alianza kupiga makofi polepole, mikono juu, na wageni wakasimama, na watumishi wakasimama kwa kuwa wageni wamesimama. Bi Eunice aligeuza karatasi mpya. Akaandika: KIMYA CHA KIONGOZI. Alisema hajapata kuona mada ikifundishwa kwa ujasiri namna hiyo, na kwamba ratiba ya siku itabidi ibadilishwe ili kila kikundi kijadili kimesikia nini.

Simu ya Twaiba ilitikisika ndani ya mkoba. Alitoka nje, akasimama kwenye kivuli cha banda la makuti, akaipokea. Alikuwa Kanze. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za nyumbani, Kanze alisema kwamba amesikia leo kuna mkutano mkubwa juu ya ukaguzi, akataka kujua umeamua nini.

"Bado, mwanangu," Twaiba alisema. Sauti yake ilitoka safi, ikafika hadi kwa askari mwenye manati, ambaye aligeuka kutazama.

"Lakini wamesemaje?"

Twaiba aligeukia ukumbi. Nyuma ya kioo watu walikuwa wangali wamesimama.

"Hawajasema kitu," alimwambia. "Wanapiga makofi."